Maziko ya Golikipa Aliyechelewa Kufa

Nchi yetu ina jina, lakini kwa sasa jina hilo limepelekwa kwa wataalamu likafanyiwe maboresho, kwa hiyo mtanisamehe nikiiita nchi yetu tu. Mimi ni Msoma Wasifu wa Taifa. Akifa mkubwa, nasimama mbele ya jeneza nasoma alizaliwa wapi, alisoma wapi, na jinsi alivyopendwa na watu wa rika zote. Ni kazi ya kusimama. Miguu imenivimba kwa kusimulia mema ya wafu, na nawaambieni ukweli, jamani, nimechoka.

Mwasisi wa Taifa alifariki akiwa na miaka sitini na moja. Alikuwa jukwaani akiwapungia wananchi mkono, akasogea awapungie na wale wa upande wa kushoto, na upande wa kushoto jukwaa lilikuwa halijaisha kujengwa. Akafuata mtunzi wa wimbo wa taifa, naye sitini na moja, kakabwa na mwiba wa samaki kwenye dhifa ya kumpongeza. Kisha daktari wetu wa kwanza mwanamke, sitini na moja vilevile. Malaria. Dawa zilikuwa zimekwisha katika hospitali yake mwenyewe.

Sisi watu wa kawaida tulisema Mungu ana mipango yake, tukala wali wa msiba, tukaondoka. Chuo Kikuu hakikuondoka. Profesa mmoja alilikalia jambo hilo mpaka akatoa utafiti kwamba ukubwa wa mtu huiva kwenye miaka sitini na moja, na kwamba ukiendelea kuishi baada ya hapo unaanza kuoza kama papai. Bunge likapitisha bila kusoma, kama ilivyo ada yetu. Tangu siku hiyo shujaa wa taifa ni yule aliyefariki akiwa na miaka sitini na moja, basi. Aliyekufa na sitini alikuwa na haraka, na aliyefika sitini na mbili ana tamaa.

Msije mkasema watu walilazimishwa kufa. Hakuna aliyelazimishwa. Ni mambo tu yalijipanga upya. Kulikuwa na mwizi mmoja wa ng'ombe aliyekanyagwa na ng'ombe aliyekuwa akimwiba, na kwa bahati alikuwa na sitini na moja. Leo barabara ya kwenda ikulu ina jina lake. Waziri mkuu wetu wa zamani ana sabini na nane, na wanawe wamemficha chumba cha uani. Wageni wakija wanaambiwa ni mpangaji. Mama yangu mzazi, kila akienda kliniki, nesi humtazama kwa huruma na kumwambia, "Bibi, wewe ilikupita." Mtukufu Rais mwenyewe ana sitini. Amekuwa nazo muda mrefu na anaendelea nazo vizuri.

*

Sasa njooni kwa Mzee Chilumba Nandonde, ambaye nchi nzima ilimwita Komeo. Alikuwa golikipa wa timu ya taifa. Miaka ile ya ujana wake tulicheza na majirani zetu, wale tusiowapenda, mpira ukaisha bila bila, na penalti zikapigwa. Majirani wakapiga tatu. Komeo akazidaka zote tatu. Sisi tukafunga moja, na hiyo moja nayo iligonga mwamba kwanza. Huo ndio ushindi pekee ambao nchi yetu imewahi kuupata, katika mpira, katika vita, katika kitu chochote. Tuna sikukuu yake.

Komeo akafikisha sitini na moja. Mwaka ukaanza kusogea, na mtu buheri wa afya. Anaamka alfajiri, anachota maji, anapalilia mihogo yake, anacheka mtaa mzima unamsikia. Serikali ikaingiwa na wasiwasi.

Ndipo Waziri wa Misiba na Kumbukumbu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Festo Mbalamula, alipokwenda kumtembelea. Nikafuatana naye ili nianze kukusanya wasifu. Tulimkuta Komeo barazani.

"Mzee Chilumba, hujambo?"

"Sijambo, mheshimiwa. Karibuni."

Waziri akashusha pumzi. "Hujambo kabisa?"

"Kabisa, namshukuru Mungu."

"Pole sana," akasema Waziri, akavuta kiti. "Na kifua je? Hakibani?"

"Hakibani."

"Hata ukipanda ngazi?"

"Nyumba yangu haina ngazi, mheshimiwa."

Waziri akamgeukia katibu wake akamwambia itafutwe ngazi.

Mkewe, Bi Somoe, akatoka na kahawa. Ni mwanamke mfupi, sauti yake inavuka mitaa miwili bila kuchoka. "Mheshimiwa," akasema, "kama mmekuja kumwona mgonjwa, hapa hakuna mgonjwa. Kama mmekuja kunywa kahawa, kunyweni mwende."

Waziri akasimama. Huyu bwana hawezi kumjibu mtu amekaa. "Mama yangu," akasema, "Taifa halimlazimishi mtu. Taifa linasubiri. Lakini Taifa nalo lina miguu, na likisubiri sana linachoka. Hebu tutafakari kwa mapana na marefu. Mzee huyu akifika sitini na mbili, si shujaa. Hiyo ni sheria. Kama si shujaa, hakufanya ushujaa. Kama hakufanya ushujaa, zile penalti nani alizidaka? Hakuna. Kama hakuna aliyezidaka, ziliingia. Tumefungwa tatu kwa moja, mama! Ushindi wa taifa zima unakuwa kipigo, kwa sababu ya mtu mmoja anayependa kupalilia mihogo!"

Komeo akaitazama mikono yake. Vidole vyake vimepinda, viwili havikunjiki kabisa tangu enzi za mpira. "Sasa mimi nifanyeje, mheshimiwa?" akauliza. Aliuliza kwa adabu kabisa.

"Hufanyi kitu," akasema Waziri. "Ni kuacha tu kufanya."

*

Hakuacha. Basi Alhamisi ya wiki ya mwisho kabla hajafikisha sitini na mbili, redio ikapiga muziki wa huzuni, ikatangaza kwamba Komeo amefariki dunia. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni akimenya mihogo. Akasema, "Innalillahi," kabla hajasikia jina vizuri.

Maziko yakapangwa Jumamosi, saa sita mchana, uwanja wa taifa, kaburi katikati ya goli alilodakia. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Marehemu mama yake alizoea kusema kwamba alimzaa mwadhini akiadhini alasiri, kwa hiyo Mwanasheria Mkuu akatoa ufafanuzi: mpaka adhana ya alasiri, Komeo ni wa sitini na moja. Ikisikika adhana, amepita. Saa sita ilionekana inatosha kabisa.

Mimi nilimuuliza Waziri, kwa sababu kazi yangu inataka uhakika. "Mheshimiwa, atazikwaje, naye anapumua?"

"Hilo la kupumua ni suala la kiufundi," akanijibu. "Litaisha lenyewe humo humo ndani."

Askari wakawekwa mlangoni ili marehemu asitoke. Daktari wa serikali akampima, akatoa taarifa kwamba hali ya marehemu ni nzuri na atazikika bila matatizo. Majirani wakafunga turubai, wakakaa kitako, msiba ukawa msiba. Kufa kufaana, hata wale aliokosana nao walikuja kula. Hakuna aliyemtazama Komeo machoni, maana mtu ataanzaje kuzungumza na marehemu? Ila viti vilipopungua, mmoja akaita akiangalia pembeni, "Marehemu, hebu tuongezee viti huku." Na yeye akaongeza. Ni mtu wa hivyo, hajui kumwambia mtu hapana.

Wanawake wakamsihi Bi Somoe alie. "Lia kidogo, shoga, watu watasemaje?"

"Nilie nini," akasema, "na mtu yuko jikoni anakwangua sufuria?"

Lakini jioni alinifuata nilipokuwa nimekaa pembeni ya turubai. Ile sauti ya mitaa miwili ilikuwa haifiki hata kwenye sikio langu. "Baba," akaniambia, "watamfukia mume wangu. Watamfukia mzima, na watu watapiga makofi."

Nikamsogezea kiti, hakukaa.

"Wewe unajua kusoma polepole?" akaniuliza.

"Najua."

"Basi Jumamosi soma polepole." Akajifunga kanga vizuri, akatoka na kapu kama anayekwenda sokoni. Askari hawakuwa na amri ya kumzuia mjane. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Nampunju, mtani wa mumewe.

*

Hapa lazima niwaeleze, kwa sababu kuna nchi hazina jambo hili, na nazionea huruma. Komeo ni mtu wa Bondeni. Watu wa Bondeni na watu wa Mlimani ni watani tangu babu wa mababu. Akifa mtu wa Bondeni, watani wa Mlimani huja msibani wakavaa nguo za marehemu, wakamwigiza anavyotembea na anavyokoroma, wakalala kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe wanachotaka. Na mtani hakamatwi, hasukumwi, hajibiwi kwa hasira. Anachotaka, anapewa hichohicho. Serikali imebadili katiba mara nyingi, lakini utani haijaugusa. Waziri mmoja aliwahi kujaribu kuupiga marufuku, akaota jipu mahali ambapo waziri hukalia. Mwaka jana tu mtani wa Mtukufu Rais alimwita kibuyu kisicho na mdomo mbele ya mabalozi, na Mtukufu akacheka, ingawa baadaye alilazwa siku mbili.

Jumamosi tukafika uwanjani. Umati ulikuwa mpaka juu ya kuta. Mizinga tayari, mabalozi tayari, jeneza tayari likiwa wazi kusubiri. Na ndani ya kaburi, chini kabisa, alikuwa amelala Bi Nampunju, bibi wa Mlimani, amevaa fulana ya zamani ya Komeo na glovu zake, pembeni ana chupa ya chai na maandazi kwenye kitambaa. Alikuwa ameingia tangu asubuhi, wachimbaji walipotoka.

Waziri akainama ukingoni akitabasamu kwa meno yote, maana mabalozi walikuwa wakitazama. "Mtani! Tumekuletea kuku wako. Jogoo!"

"Mimi si mwewe," akajibu Bi Nampunju.

Wakaleta mbuzi. Akasema mbuzi anafanana na Waziri, ataona haya kumchinja. Umati ukaangua kicheko. Wakaleta ng'ombe. Wakamwahidi unaibu waziri. Bibi akamimina chai, akatafuna andazi taratibu, akajifuta midomo kwa glovu.

"Basi unataka nini, bibi?" Tabasamu la Waziri lilikuwa limeanza kulegea.

"Nataka marehemu mwenyewe aje aniambie nitoke. Akisema 'Nampunju, toka,' natoka. Asiposema, mimi nalala. Kaburi lenu zuri, lina ubaridi."

Waziri akatazama saa. Akaniamuru nianze wasifu ili muda usionekane unapotea. Nikafungua karatasi zangu. Nikasoma, jamani, kama ninavyotembea siku hizi. Nilisoma alizaliwa wapi, nikakohoa, nikarudia alizaliwa wapi. Nikawataja wajomba zake wote, na wale ambao hawakuwa wajomba zake. Nikaomba maji. Waziri alinitazama kwa jicho ambalo nalijua, lakini msiba ni msiba, msoma wasifu hakatizwi. Nilipomaliza kusimulia darasa la pili tu, uvumilivu ukamwishia.

"Mleteni marehemu!" akasema.

*

Wakamleta. Alikuwa amekalishwa ndani ya gari la jeshi nyuma ya jukwaa, kavalishwa suti nyeusi iliyombana mabegani. Alipotokea uwanjani, mmoja akaanza, wakafuata wengine, mpaka uwanja mzima ukawa unaimba, "Komeo! Komeo! Komeo!"

Hakuwa amelisikia jina lake hivyo tangu siku ile ya penalti. Nilikuwa karibu naye, niliuona uso wake. Alikuwa anafurahi, maskini. Mtu anapelekwa kaburini anafurahi.

Waziri akamshika kiwiko, akamnong'oneza, nami nikasikia. "Neno moja tu, mzee. Toka. Sanamu yako ya shaba iko tayari, imeinua mikono. Watoto wa watoto wao watakuimba hivi. Au upite, urudi kwenye mihogo, na kila aliye humu akulaani kwamba umemfungisha. Sikia wanavyokupenda!"

Komeo akasogea ukingoni. Akafungua mdomo. Waimbaji wakanyamaza wasikie.

Bi Somoe alikuwa amekalishwa jukwaani kwenye kiti cha mjane, na nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Siku zote zile hakulia, akalia hapo. Komeo akamwona. Akamtazama kwa muda, mdomo bado wazi, na umati mzima ukimsubiri.

"Nampunju," akaita.

"Abee, marehemu."

"Hiyo fulana yangu umeivaa mbele nyuma."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Bi Nampunju akainuka akaketi. "Nimeivaa unavyodaka wewe! Ulikuwa unaangalia golini badala ya kuangalia mpira!"

"Afadhali mimi nilikuwa golini. Nyie watu wa Mlimani mkipewa mpira mnauchemsha, mnadhani kiazi."

"Na nyie Bondeni mnalala na vyura, mkiamka hamjui nani ni mke nani ni chura!"

"Chura wetu anaoga kuliko bwana harusi wenu!"

Na utani ukishaanza, nani ataukata? Komeo akavua koti la suti, akaketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani ya kaburi lake, akaomba andazi. Bibi akamrushia, akalidaka kwa mkono mmoja, na watu wakapiga kelele kama siku ile. Wakasutana ukoo kwa ukoo. Wakafika mpaka kwa bibi mzaa bibi. Mabalozi walikuwa wakitafsiriwa na wakicheka kwa kuchelewa. Waziri akawa anazunguka kaburi, jasho linamtoka, anasema, "Mzee, neno letu, mzee, lile neno," na Komeo anamjibu, "Nakuja, mheshimiwa, namalizia huyu tu."

Ndipo msikiti wa nyuma ya uwanja ukaadhini alasiri.

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Komeo akatikisa makombo ya andazi kwenye suruali, akamnyooshea Bi Nampunju mkono, akamvuta juu. Alikuwa na miaka sitini na mbili na hana cheo chochote duniani.

*

Lakini kaburi la taifa halifukiwi tupu. Hiyo nayo ni sheria. Waziri akashika kipaza sauti, akauliza kwa sauti ya upole sana, "Ndugu wananchi, nani miongoni mwetu ana sitini na moja?"

Uwanja mzima, hakuna. Wazee walipaza sauti kwamba wao ni sabini. Wenye mvi wakasema hamsini na tano, mvi ni za ukoo. Profesa wa ule utafiti, ambaye tulimwandalia keki ya sitini na moja mwezi uliopita, alisema keki ilikosewa. Waziri akanigeukia mimi. Nikamwambia mimi nilizaliwa mwaka wa nzige, na wala sidhani kama nzige walikuja mwaka mmoja tu. Akachoka kuuliza.

Mwishowe tukazika mpira. Ule wenyewe wa penalti, uliokuwa makumbusho. Tuliulaza jenezani, mizinga ikapigwa, nikasoma karatasi zilezile na kubadilisha jina. Jioni redio ikatangaza kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, siku ile tulifungwa tatu kwa moja. Sikukuu ikafutwa. Wakati wa kutoka uwanjani nilimwona kijana mmoja aliyekuwa akiimba Komeo kwa nguvu kuliko wote akimtemea mate miguuni. "Umetufungisha, mzee," akamwambia. Komeo akamwambia samahani.

Siku ya pili yake nilipita kwao, nikirudi zangu kutoka kazini. Kibao cha mtaa chenye jina lake kilikuwa kimeng'olewa. Majirani wamefungua turubai na hakuna aliyerudisha viti. Komeo alikuwa barazani amekaa, Bi Somoe akipakua mihogo. Wakanikaribisha, nikaketi, miguu ikashukuru.

Komeo alikuwa akiitazama ile mikono yake, akiigeuza huku na huku. "Msoma Wasifu," akasema, "wewe ni mtu wa serikali, tena umesoma. Hebu niambie kweli. Zile penalti, nilizidaka au sikuzidaka?"

Nilitamani kumwambia kitu kingine. "Kwa mujibu wa serikali, mzee wangu, hukuzidaka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi labda sikuzidaka. Ni zamani. Mtu unaweza kukosea."

Bi Somoe akaweka sahani chini, mbele yake.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nyuma ya goli lako, na mimba ya mwanao tumboni. Ulizidaka zote tatu. Nawa mikono, ule."